Mbwa Mtukutu Apewe Nani?

MLEZI: Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Popi simtoi kwa mtu wa mnyororo. Nilimkuta kwenye mtaro hapa Sinza, mgongo mzima upele, shingoni ana kovu la waya. Leo amepona, anakaribia mwaka, na nguvu zake zimeishinda nyumba niliyopanga. Ametafuna ndala za wapangaji wote. Kamba ya nguo ameing'oa na nguo zake. Geti likibaki wazi kidogo tu, tunamfuata Shekilango katikati ya bajaji na daladala. Mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa mwezi. Natafuta mtu wa kumchukua, ila siyo mtu yeyote tu.

MWOMBAJI: Basi umempata. Mimi nimejenga Goba, kiwanja kikubwa, ukuta tayari. Jirani yangu wa karibu bado yuko kwenye msingi. Wezi wamebeba nondo, wakarudi wakabeba pampu ya kisima. Wewe una mbwa asiyetosha humu ndani, mimi nina uwanja usio na mbwa. Mchana atakaa bandani na mnyororo wake, usiku namfungulia azunguke. Ndivyo tulivyofuga tangu enzi za babu zetu.

DAKTARI: Babu yako alikuwa na mifugo?

MWOMBAJI: Ng'ombe, Shinyanga.

DAKTARI: Na mbwa wake alikuwa wapi mchana?

MWOMBAJI: Machungani.

DAKTARI: Basi hakufungwa. Alitoka na ng'ombe asubuhi, akarudi nao jioni, ameshatembea kutwa nzima, usiku akalala mlangoni na bado akabweka fisi akisogea. Mnyororo wa kutwa umekuja na kuta na mageti, na tukaubandika jina la mila. Huyu Popi ni mbwa wa kienyeji, damu yake ni ya mbwa wa machungani. Ukimfunga saa kumi na mbili kila siku, zile nguvu haziishi. Zinageuka kubweka ovyo, kuzunguka mahali pamoja hadi udongo unachimbika, na mwisho kumng'ata yeyote anayefika mnyororo unapofikia. Majeraha ninayoyaona sana kwa watoto ni ya mbwa wa nyumbani kwao, siyo mbwa wa barabarani.

MWOMBAJI: Lakini ukali ndio ninaoutafuta, daktari. Mbwa mpole nimpeleke wapi?

DAKTARI: Tofautisha ukali na hasira. Mbwa mwenye hasira hachagui. Atamng'ata mtoto anayeleta maziwa, fundi bomba, mama mkwe wako. Halafu mwizi mwenyewe anamrushia kipande cha nyama chenye sumu, na mbwa mwenye njaa na upweke ndiye anayekidaka haraka kuliko wote. Kinachokulinda Goba ni sauti. Mwizi akisikia kubweka nyumba hii, anaangalia nyumba ya pili. Kwa hilo huna haja ya kumtesa mnyama, wala kumlisha pilipili, wala kumfungia gizani. Nayataja kwa sababu watu wazima, wasomi kabisa, huniuliza kama yanafanya kazi.

JIRANI: Mnaongea kama vile mbwa anaishi peke yake mtaa huu. Mimi ndiye ukuta kwa ukuta na huyu mwanangu, na hakuna aliyeniuliza. Mimi Mpemba, dini yangu mnaijua na madhehebu yetu Shafii. Nimeshatawadha, natoka uani niende kuswali, Popi ananirukia kwa furaha yake na ulimi nje. Akinilamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mara moja nitasema bahati mbaya. Kila siku, mwanangu?

MLEZI: Nimekuomba radhi, mama, na ile nguo nilikuletea nyingine.

JIRANI: Ulileta, na sikuwa na kinyongo. Wala sisemi auawe. Sisi tumefundishwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Huruma kwa mbwa siyo mgeni kwetu. Lakini tumefundishwa pia kwamba mbwa anafugwa kwa kazi: ulinzi, mifugo, uwindaji. Huyu baba wa Goba ana kazi ya kumpa. Ninyi mnaotaka mbwa wa kukumbatiana naye kwenye kochi ndio siwaelewi.

MLEZI: Kwa hiyo mama uko upande wa mnyororo?

JIRANI: Niko upande wa kazi. Usinilishe maneno.

KIJANA: Samahani wazee wangu, naomba na mimi nisikilizwe. Nipo Mwananyamala, fundi wa magari. Kila alfajiri saa kumi na moja nakimbia hadi Coco Beach na kurudi. Popi nimeshakimbia naye mara kadhaa, dada ni shahidi. Tukirudi analala chini kama gunia, hana habari na ndala ya mtu. Kazini nitakwenda naye, bosi hana tatizo, tena gereji inavunjwa usiku. Kazi ipo, mama.

MWOMBAJI: Nyumba yako ina vyumba vingapi, kijana?

KIJANA: Chumba kimoja.

MWOMBAJI: Na uwanja?

KIJANA: Uani kwa wapangaji sita.

MWOMBAJI: Nimemaliza.

DAKTARI: Mimi ndiyo kwanza naanza. Umewahi kumtazama mbwa kijana ukimwacha peke yake kwenye uwanja mkubwa? Dakika za mwanzo ananusa ukuta wote. Baada ya hapo anajilaza getini kusubiri mtu. Mtu asipotokea, anachimba. Mbwa huchoshwa na shughuli na mwenzake, ardhi tupu haimchoshi. Ficha dagaa kwenye makopo na chini ya majani, mwache azitafute kwa pua. Hiyo tu ni kazi ya kichwa inayomtuliza kuliko watu wanavyodhani. Ekari nzima isiyo na mtu na chumba kisicho na mtu, kwa mbwa wa umri huu, ni adhabu ileile.

MLEZI: Hapo daktari unanichanganya. Mimi kwenye fomu yangu ya waombaji nimeweka swali la ukuta kuwa la kwanza, kwa sababu Popi anatoroka.

KIJANA: Ndiyo, na mimi nilikwama palepale. Ukuta una urefu gani, nyumba ni yako au umepanga, una gari la kumpeleka kwa daktari. Nikajisemea, hapa sitaki mbwa, naomba viza. Hakuna mahali panapouliza: kwa siku utakuwa naye saa ngapi?

MWANDISHI: Nakatiza kidogo, kwa kuwa swali hili hupitwa upesi. Waokoaji wa wanyama mijini kwetu wameiga masharti ya nchi ambako mpangaji ana bustani yake. Dar es Salaam masharti hayo huwaondoa watu wengi kabla hawajafungua mdomo, na wanaobaki ni wenye ukuta. Wenye ukuta wengi hutafuta mlinzi wa bei rahisi. Mwokoaji hulalamika kwamba kila anayekuja anataka mbwa wa kufunga, na ni chujio lake mwenyewe lililowabakiza hao. Endeleeni.

MLEZI: Sikubali kabisa. Fomu imenisaidia. Kabla ya kuwa nayo niliwahi kutoa mbwa kwa maneno matamu, nikaja kumkuta amefungwa kwenye nguzo ya umeme juani, bakuli la maji limekauka. Mwandishi atuambie yeye angetumia nini.

MWOMBAJI: Na mimi nina langu. Angekuja Mzungu wa Masaki, mngemwuliza urefu wa ukuta?

MLEZI: Tungemwuliza. Kwa hao swali gumu ni moja: mkataba wako wa kazi unaisha lini?

DAKTARI: Na ni swali halali. Mbwa walioachiwa mlinzi wa getini siku mwenye nyumba aliporuka kwao, nimewaona klinikini. Mlinzi mwenyewe hana uwezo wa kuwalisha. Kwa hiyo uzungu siyo cheti. Lakini baba, usitumie hoja hiyo kukwepa lako.

MWOMBAJI: Sikwepi. Nauliza la gereji. Ile koolanti mnayomwaga chini, mbwa akiilamba?

DAKTARI: Anakufa. Umeuliza vizuri. Koolanti nyingi zina kemikali yenye utamu, mbwa huipenda, na kiasi kidogo kinatosha kuua figo. Mwanzoni anayumba kama mlevi, halafu anaonekana amepata nafuu, na hapo ndipo watu hujidanganya.

KIJANA: Daktari, magari tunayotengeneza sisi, rejeta zina maji ya bomba. Koolanti ni ya wateja wachache wenye gari mpya.

DAKTARI: Hao wachache wanatosha.

KIJANA: Nimekusikia. Dumu litakaa juu, na inayomwagika tutamwagia mchanga na kuzoa hapohapo. Hilo linatengenezeka. Mbwa kukaa mwenyewe Goba kutwa nzima linatengenezwaje?

MWOMBAJI: Nina mke, nina watoto watatu. Nani amesema atakaa mwenyewe?

KIJANA: Wanaruhusiwa kumgusa? Kwetu mbwa wa ulinzi watoto wanaambiwa wasimsogelee.

MWOMBAJI: Akizoeana nao atakuwa mdoli.

DAKTARI: Hapana. Akizoeana nao atajua nani wa nyumbani, na ndiyo elimu ya kwanza ya mlinzi. Mbwa asiyejua watu wake analinda nini? Popi bado ni kijana, kwa sasa atamtikisia mkia hata mwizi. Mlee, mfundishe, apewe chakula na mkono mmoja unaoaminika. Akipevuka, kwenye mwaka na nusu hadi miwili, sauti na uangalifu vitakuja vyenyewe.

JIRANI: Hadi afike miaka miwili, wezi watasubiri?

MWOMBAJI: Ahsante, mama! Umelisema.

DAKTARI: Wezi hawajui umri wa mbwa, mama. Wanasikia kubweka tu. Sasa kuna jambo ambalo nyote hamjaligusa, na bila hilo mimi sisaini cheti. Popi atahasiwa kabla ya kuondoka.

MWOMBAJI: Hapana. Dume likihasiwa linakuwa kama jike, linanenepa na kulala. Tena nilikuwa na mpango wa kumtafutia jike, watoto wakipatikana niuze.

KIJANA: Hata mimi hapo nasita, niseme ukweli. Kumkata mnyama asiye na kosa…

JIRANI: Na wapo masheikh wanaolichukia jambo hilo likifanywa bila sababu.

DAKTARI: Sababu ipo, mama, na siyo moja. Huyu mbwa anatoroka. Mnadhani anafuata nini Shekilango? Jike likipata joto mtaa wa tatu, madume yote ya karibu yanajua, yanavuka barabara, yanapigana. Kuna uvimbe wa kansa unaoambukizwa kwa kupandana, hapa kwetu upo sana, nimeutibu kwenye madume na majike. Jike hubeba mimba miezi miwili tu na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hao watoto unaosema utauza, baba, ni wa kienyeji. Utauza wawili kwa bei ya kuku, waliobaki utawaacha sokoni usiku ndani ya boksi. Ndivyo Popi alivyofika kwenye mtaro. Na kubweka hakupo kwenye korodani.

MWOMBAJI: Unasema kama vile umeshaniona na boksi.

DAKTARI: Wewe sijakuona. Boksi nimeliona.

JIRANI: Mimi la kichaa cha mbwa ndilo linalonitisha. Nilipokuwa msichana Pemba, mbwa akionekana anachechemea njiani, watoto tunaitwa ndani, milango inafungwa.

DAKTARI: Na Pemba ndiko mfano mzuri kuliko wote, mama. Kule walichanja mbwa kwa wingi, ugonjwa ukakatika mwaka 2014. Ukarudi 2016, maana chanjo zilizorota na mbwa mwenye ugonjwa aliingia kutoka nje. Wakachanja tena, kufikia 2018 umekatika mara ya pili. Mahali popote ukichanja asilimia 70 hivi ya mbwa, na ukarudia, ugonjwa hauna pa kupita. Miaka mingi halmashauri zetu zilitegemea risasi na sumu, na kichaa kiliendelea palepale, kwa kuwa mbwa wapya wasiochanjwa hujaza nafasi ya waliouawa. Ndiyo maana namtaka mtu atakayekumbuka tarehe ya chanjo. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Ukikosa siku hiyo, lipa. Binadamu akishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

MLEZI: Popi ameshachanjwa. Kadi ninayo.

DAKTARI: Ya mwaka huu. Nani ana ya mwakani?

KIJANA: Mimi nitaweka kwenye simu.

MWOMBAJI: Na mimi ninayo pesa ya kulipia, siyo ya kuweka kwenye simu tu. Tusifichane. Kupe wa Dar mnawajua. Homa ya kupe ikimshika, dripu na sindano, kijana atatoa wapi? Mbwa anaishi miaka kumi, kumi na miwili, na zaidi. Leo una miaka ishirini na ngapi? Kesho utaoa, bibi harusi atasema chagua mimi au mbwa. Keshokutwa mwenye nyumba atapandisha kodi, utahamia Mbagala, mbwa utamwacha getini.

MLEZI: Hilo na mimi linanisumbua, mdogo wangu. Naona unavyompenda. Lakini na mimi nampenda, na bado kodi imenishinda kumweka. Upendo haujanisaidia mbele ya mwenye nyumba.

KIJANA: Dada, angalia mnavyouliza. Mimi mnaniuliza ya miaka kumi ijayo. Baba mnamwuliza ukuta. Mbona hamumwulizi kama atauza kiwanja, kama atahamishwa kazi Mtwara? Mwenye kidogo anadaiwa kesho yote, mwenye kingi anadaiwa tofali. Wazazi wangu walifuga mbwa kwenye chumba na sebule kule Muheza, akafa kwa uzee.

MWOMBAJI: Muheza siyo Mwananyamala.

KIJANA: Na Goba siyo Shinyanga.

JIRANI: Mbwa huyo wa Muheza alikuwa na kazi gani?

KIJANA: Alimsindikiza mama shamba la michungwa, mama. Asubuhi na jioni.

JIRANI: Hiyo ni kazi.

DAKTARI: Baba, nikuulize moja bila kejeli. Ukiondoa mnyororo, ukamjengea banda lenye kivuli, ukamtembeza mara mbili kwa siku, wewe au mtoto wako mkubwa, na kumhasi, bado unamtaka? Nikisikia ndiyo, mimi sina pingamizi na Goba. Hewa ni nzuri kule, barabara ya vumbi haina daladala, na pesa ya matibabu unayo.

MWOMBAJI: Kutembeza asubuhi siwezi. Natoka saa kumi na moja na nusu kuwahi foleni. Narudi usiku.

DAKTARI: Mtoto?

MWOMBAJI: Mkubwa yuko bweni.

DAKTARI: Basi umejijibu.

MWOMBAJI: Sijajijibu! Mnataka mbwa apate maisha ambayo hata watoto wangu hawapati. Mwanangu hatembezwi mara mbili kwa siku. Mimi namwona mara moja kwa muhula. Wengine wetu tunaondoka gizani na kurudi gizani kwa sababu ndivyo mji huu unavyotulisha, halafu mnasema hatustahili hata mbwa wa kienyeji. Wanaostahili ni akina nani? Wasiofanya kazi?

MLEZI: Hakuna aliyesema hustahili mbwa. Huyu ndiye asiyekufaa. Wapo mbwa wazima, miaka mitano, sita, wametulia, wanachotaka ni kivuli, chakula na mtu wa kubwekea. Hao ndio hakuna anayekuja kuwaomba. Kila mtu anataka kijana, halafu analalamikia ujana wake. Naweza kukutafutia mmoja kesho, na wezi watamwogopa tangu usiku wa kwanza.

MWOMBAJI: Mzee wa miaka sita atanifia baada ya muda gani?

DAKTARI: Akitunzwa, miaka sita mingine haishangazi.

MWOMBAJI: Nitafikiria. Lakini huyo naye mtanihoji habari ya mnyororo wenu huo?

DAKTARI: Naye pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na haikuandikwa kwa ajili ya mbwa vijana peke yao.

MLEZI: Sasa wewe mdogo wangu. Sijasema ndiyo. Wapangaji sita wa uani kwenu wamekubali?

KIJANA: Wanne wamekubali. Mmoja hajali. Mmoja ni mama wa Kiislamu, bado sijazungumza naye.

JIRANI: Huyo ndiye wa kuanza naye, mwanangu, siyo wa kumalizia. Mwambie mbwa atapita mlango gani, ataoga wapi, kamba ya nguo zake utaitenganishaje. Usimpelekee mbwa kwanza na maelezo baadaye, kama nilivyofanyiwa mimi.

KIJANA: Nitakwenda leo.

MLEZI: Na kuhasi?

KIJANA: …Nimeelewa sababu ya daktari. Moyo bado unakataa, lakini nitamleta.

MLEZI: Kuna sharti la mwisho, lipo chini kabisa ya fomu na silifuti. Ikikushinda, iwe kwa kodi, ndoa au ugonjwa, humpi rafiki wala humwachi getini. Anarudi kwangu, saa yoyote, bila kuulizwa.

JIRANI: Anarudi wapi?

MLEZI: Hapa, mama.

JIRANI: Hapa kwa nani? Notisi ya mwisho wa mwezi si umepewa wewe?